Kazi ya saa chache katikati ya masomo ya uuguzi: maswali yenu na majibu

Tangu muhula uanze, sehemu kubwa ya barua ninazopokea zinatoka kwa wanafunzi wa uuguzi wanaosoma kutwa nzima na ambao bado wanahitaji kipato cha kuwafikisha mwisho wa mwezi. Nimefundisha darasani na wodini kwa muda mrefu, na kabla ya hapo nami nilisoma huku nikifanya kibarua. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia zaidi.

Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza na ninataka kutafuta kazi. Je, ni saa ngapi kwa wiki ambazo hazitaniharibia masomo?

Marahaba. Kabla hujaomba kazi yoyote, kaa na karatasi uhesabu wiki yako. Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa 7 kwa siku, ambao mtu mzima hapaswi kushuka chini yake, unachukua saa 49. Darasa na wodi zikichukua 40 na kujisomea 20, zinabaki 59. Zinaonekana nyingi mpaka uanze kuzitolea safari za kwenda na kurudi, kupika, kufua, ibada na ndugu wanaokuhitaji. Kwa maoni yangu, saa 8 hadi 12 kwa wiki, yaani zamu moja ndefu au mbili fupi, ndizo anazoweza kuzimudu mwanafunzi wa kawaida, na wiki za mitihani zisiwe na hata moja.

Sababu ya kuwa mkali hivi ni kwamba saa za mafunzo ya uuguzi zinahesabiwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mafunzo ya muuguzi wa kawaida hayapungui miaka 3 na saa 4,600, na angalau nusu ya saa hizo ni za vitendo. Utaratibu wa nchi nyingine una namba zake, lakini kanuni ni ileile. Mwanafunzi wa fani nyingine akikosa kipindi huazima daftari la mwenzake. Saa ya wodini haiazimwi, bali hulipwa kwa kurudi wodini, mara nyingi wakati wenzako wapo likizo. Isitoshe, ratiba ya wodini hubadilika kila unapohamishwa kitengo, kwa hiyo kazi yenye zamu zisizobadilika itagongana nayo mapema mno. Tafuta mwajiri anayekubali kupokea ratiba yako mpya kila inapotoka, au kazi ya kuitwa pale tu unapokuwa na nafasi.

Je, nitafute kazi hospitalini au nje ya hospitali kabisa?

Ukiweza kupata kazi ya mhudumu wa wagonjwa au msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee, ichukue kwa mikono miwili, hasa mwaka wa kwanza. Darasani utafundishwa hatua za kumgeuza mgonjwa kitandani. Huko utajifunza kwamba mzee mwenye maumivu ya nyonga hushika reli ya kitanda sekunde chache kabla hujamgusa, na kwamba ukisubiri aiachie mwenyewe, kumgeuza kunakuwa rahisi kwenu wote wawili. Utazoea kumwosha mtu bila kumwacha wazi, kumlisha bila kumharakisha, na kutoa taarifa fupi inayoeleweka kwa muuguzi anayeingia zamu. Mwanafunzi aliyepitia kazi hiyo huonekana tangu siku yake ya kwanza wodini, kwa sababu haogopi mwili wa mgonjwa.

Uliza mambo mawili kabla ya kusaini mkataba. La kwanza ni chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa dozi 3 katika kipindi cha miezi 6, hivyo si jambo la kuanza kulifikiria siku ya kuripoti kazini. La pili ni nani anayegharamia matibabu ukichomwa na sindano ukiwa kazini na si masomoni. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, na haziwezi kusubiri zaidi ya saa 72, wala huo si muda wa kuzunguka ukiuliza ni ofisi ipi inayohusika nawe.

Hata hivyo, ukifika mwaka wa pili au wa tatu, wodi ikiwa inakuchosha siku 4 kwa wiki, sioni ubaya wa kuchagua kazi isiyohusu wagonjwa kabisa. Mapokezi, maktaba ya chuo, kupanga mafaili ya wagonjwa, au kuwafundisha wanafunzi wa chini yako anatomia na hesabu za dawa ni kazi zinazoiacha miguu na moyo wako vipumzike. Kufundisha hesabu za dawa nakupendekezea zaidi, kwa kuwa hutazisahau tena.

Zamu za usiku zinalipa zaidi. Nikifanya usiku na kusoma mchana, kuna tatizo gani?

Nilipokuwa mwaka wa pili nilifanya hivyohivyo, usiku 3 kwa wiki. Asubuhi moja nilitoka kazini nikapitiliza wodini kwa mafunzo, nikamwaga mfuko wa mkojo wa mgonjwa wa moyo, nikapima mililita 350 na kuandika kwenye chati. Muuguzi wa zamu aliniita, akaweka kidole chake juu ya namba niliyoandika bila kusema neno. Nilikuwa nimeijaza kwenye safu ya maji yanayoingia mwilini badala ya yanayotoka, na mgonjwa yule alipangiwa kiasi maalumu cha maji ya kunywa kwa siku. Kosa lilirekebishwa kabla daktari hajapita. Nilikuwa naijua chati ile vizuri kabisa, lakini nilikuwa macho tangu asubuhi ya jana yake.

Tafiti zimeonyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hudhoofika katika umakini na wepesi wa kutenda kwa kiwango cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, ambacho katika nchi nyingi ndicho kikomo cha dereva. Ukiamka saa 12 asubuhi kwenda darasani, saa 17 zinatimia saa 5 usiku, na zamu yako ndiyo kwanza imeanza. Ukilazimika kufanya usiku, uwe usiku wa kuamkia siku isiyo na kipindi wala wodi, na usiendeshe chombo cha moto unaporudi nyumbani. Kati ya kutoka zamu na kuingia mafunzoni ziwepo angalau saa 11. Ndiyo mapumziko ya chini ya kila siku ambayo sheria za Umoja wa Ulaya zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, na mwanafunzi anastahili si pungufu ya hapo.

Nimeajiriwa kama mhudumu. Kwa kuwa msimamizi anajua nipo mwaka wa tatu, ananiambia nichome sindano na nigawe dawa. Nifanye nini?

Kataa, kwa heshima na bila kuyumba. Ukiwa mafunzoni unachoma sindano chini ya macho ya mlezi aliyesajiliwa anayebeba dhamana pamoja nawe; ukiwa mhudumu, hakuna aliyekupa ruhusa hiyo hata kama mkono wako ni mwepesi kuliko wa wote waliopo. Likitokea jambo, wa kwanza kudhurika ni mgonjwa, kisha usajili wako ambao hata hujaupata. Mwambie, "Nafasi niliyoajiriwa hainiruhusu, lakini nipo tayari kumwita muuguzi na kumsaidia." Akirudia, mwandikie, ubaki na nakala, na umjulishe mkufunzi wako. Akikutishia kazi, iache. Najua ninachokuomba, na najua kodi ya chumba haisubiri, lakini mahali panapogawa dawa kwa namna hiyo si mahali pako.

Wasifu wangu ni mtupu. Niandike nini?

Si mtupu. Andika mwaka wa masomo uliofikia, vitengo ulivyopita na wiki ulizokaa katika kila kimoja, mafunzo ya huduma ya kwanza kama unayo, na siku na saa unazoweza kufanya kazi. Hili la mwisho wengi huliacha, ilhali ndilo ambalo mpanga zamu hulitafuta kwanza. Mdhamini wako awe mkufunzi aliyekuona ukifanya kazi, na umwombe kabla ya kuandika jina lake.

Ninasoma nje ya nchi yangu. Je, nina uhuru wa kufanya kazi kama wenyeji?

Kwa kawaida hapana. Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Australia, tangu Julai 2023, ni saa 48 kwa kila wiki 2. Na Marekani saa 20 kwa wiki ndani ya chuo, huku kazi ya nje ikihitaji idhini ya pekee. Soma masharti yaliyoandikwa kwenye kibali chako mwenyewe, kisha weka daftari la saa zako, kwa sababu ukiwa na waajiri wawili hakuna kati yao anayezijumlisha kwa niaba yako.

Alama zangu zimeshuka tangu nianze kazi, lakini naona aibu kumwambia mwajiri.

Zungumza naye wiki hii, kabla ratiba ya mwezi ujao haijapangwa, na uende na pendekezo lililo tayari: zamu unazoacha, zamu unazobaki nazo, na tarehe ya mtihani. Siku hiyohiyo mwone mshauri wa wanafunzi kuhusu mikopo na misaada ya dharura ya chuo, kwani wengi hufikiri fedha hizo ni za wengine. Unaweza kusema hivi: "Nimefurahia kazi hii na ningependa kubaki, ila hadi mtihani upite nitaweza Jumamosi tu."