Maswali ya Wasomaji: Iluminati Walikuwa Nani Hasa?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Barazani kwetu, kila likitajwa jina la Iluminati, vijana huonyeshana picha ya noti ya dola moja, ile yenye piramidi na jicho, wakasema kwamba hao ndio wanaoitawala dunia kwa siri. Mwalimu mmoja wa skuli yetu anapinga, anasema kilikuwa chama cha wasomi wa Kijerumani kilichopigwa vita na mapadri mpaka kikafa. Tumsadiki nani? Msomaji wenu, Wete, Pemba.

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yetu. Msadikini mwalimu, ingawa na yeye ameyafupisha mambo. Hiyo noti tuiweke kando mapema: tarakimu za Kirumi zilizo chini ya piramidi zinataja 1776, ambao ni mwaka wa uhuru wa Marekani. Alama ya Iluminati ilikuwa bundi, ndege wa Minerva, ambaye Warumi wa kale walimwita mungu wa hekima. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu huomba salama. Wao walimchora kwenye nembo.

Ni kweli kwamba chama kiliasisiwa mwaka huo huo, tarehe 1 Mei, katika mji wa Ingolstadt, Bavaria, na Adam Weishaupt, profesa wa miaka 28, pamoja na wanafunzi wake wanne. Ugomvi wenyewe lakini una mizizi ya nyuma zaidi. Kwa muda mrefu chuo kikuu cha mji ule kilikuwa mikononi mwa mapadri wa shirika la Wajesuiti. Papa Clement XIV alilivunja shirika hilo mwaka 1773, na kiti cha kusomesha sheria za kanisa, ambacho wao walikizoea kuwa chao, akapewa Weishaupt, mtu asiyekuwa padri na aliyekwisha kuvisoma vitabu vya wanafalsafa wa Kifaransa. Shirika lilivunjwa kwa waraka, lakini watu wake walibakia, na mmoja wao, Ignaz Frank, alikuwa padri aliyemuungamisha mtawala wa Bavaria, Karl Theodor. Unaweza kukisia ni neno la nani lililosikilizwa kwanza katika jumba la mtawala.

Basi Weishaupt akaamua kwamba vitabu visivyosomeka hadharani visomwe faraghani. Mwanachama mpya alipangiwa vitabu, akatakiwa kuandika juu ya alichokisoma, na kila mwezi akapeleka barua iliyofungwa kwa lakiri, ambayo ndani yake aliruhusiwa hata kumshitaki kiongozi aliye juu yake bila ya kiongozi huyo kuifungua. Kila mtu alikuwa na jina la kificho. Weishaupt alijiita Spartacus, yule mtumwa aliyeasi Roma, na mji wa Munich ukaitwa Athens. Tarehe waliziandika kwa miezi ya Kiajemi, na hapo msomaji wa Zanzibar atatabasamu, kwa kuwa Nairuzi yetu, ile inayosherehekewa Makunduchi kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa, nayo imetoka katika kalenda ya Waajemi.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kasoro yao kubwa. Weishaupt aliwachukia Wajesuiti, lakini aliiga nidhamu yao: utii kwa wakubwa usioulizwa, na wanachama kuandikiana taarifa za tabia zao. Baron Knigge, aliyejiunga mwaka 1780 na kuwavuta Frimasoni wengi (hao ni chama kingine, kikongwe zaidi), aligombana naye kwa sababu ya ubabe wake akaondoka mwaka 1784. Hata hivyo, si kweli kwamba walikuwa waabudu shetani. Katika daraja za juu walifundisha kwamba Yesu alikuja na mafundisho ya siri ya uhuru na usawa wa watu, jambo ambalo kwa mapadri lilitosha kabisa kuitwa ukafiri.

Pigo lilikuja haraka. Karl Theodor alipiga marufuku vyama vya siri tarehe 22 Juni, 1784, kisha tarehe 2 Machi, 1785, akawataja Iluminati kwa jina. Papa Pius VI naye akamwandikia Askofu wa Freising kwamba uanachama wao haupatani na imani ya Kikatoliki. Weishaupt alifukuzwa kazi, akakimbia. Mwezi Oktoba 1786 askari walipekua nyumba ya mwanachama Xaver Zwack mjini Landshut, wakakuta barua za chama pamoja na maelekezo ya kutengeneza wino usioonekana, na mwaka uliofuata serikali ikazichapisha ili kila mtu azisome.

Uvumi unaolifikia baraza lenu ulizaliwa baada ya hapo. Mwaka 1797, chama kikiwa kimekwisha, Augustin Barruel, padri wa Kijesuiti, aliandika kwamba Iluminati ndio waliopanga Mapinduzi ya Ufaransa, na mwaka huo huo Profesa John Robison wa Edinburgh akatoa kitabu chenye madai yanayofanana. Weishaupt mwenyewe alikuwa Gotha, chini ya hifadhi ya mtawala wa huko, Ernst II, na katika mji huo alifariki mwaka 1830.