Msitu unasingiziwa kupe

Barua za wasomaji: matembezi, wanyama wa nyumbani na mazoea

Swali. *Hamjambo wahariri. Kila Jumamosi nampeleka mbwa wangu msitu wa Karura, na kila Jumapili kazi yangu ni kumtoa kupe masikioni. Nafikiria kuacha kwenda. Jirani ameniambia nimpake oili chafu ya gari. Mnasemaje?* – Msomaji, Nairobi

Jibu. Oili chafu usimpake hata kidogo. Mbwa hujilamba, na chochote unachompaka mgongoni huishia tumboni. Oili iliyotumika ina mabaki ya metali, inaunguza ngozi, na ikishamezwa inaharibu ini na figo.

Karura endelea kwenda, mradi mbwa awe kwenye kamba kama utaratibu wa pale unavyotaka. Kwenye nyasi ndefu kando ya njia kupe wapo kweli. Lakini kupe wa kahawia, yule anayempenda mbwa kuliko mnyama mwingine yeyote, makazi yake hasa si msituni. Ni nyumbani kwako. Jike akishiba hadi kuvimba kama punje ya njegere, huanguka, hupanda ukutani kutafuta ufa, na humo hutaga mayai elfu kadhaa kisha hufa. Vitoto vikianguliwa humparamia mbwa, hunyonya, hushuka, hujivua ngozi ufani, hupanda tena. Mzunguko huo hufanyika mara mbili hadi kupe awe mkubwa, naye akiwa mkubwa hupanda tena kunyonya. Ndiyo maana unamwogesha mbwa dawa leo, na baada ya wiki mbili kupe wamejaa upya: umeua waliokuwa mwilini, wa ufani hukuwagusa.

Chukua tochi usiku umulike kona za banda, chini ya mbao anazolalia, na pale ukuta unapokutana na paa, maana kupe huyu hupenda kupanda juu. Ukiwakuta wamejipanga, toa matandiko yote, magunia yachome, ziba nyufa kwa saruji, kisha nyunyiza dawa ya kupe ukutani kote, mbwa akiwa nje hadi pakauke. Rudia kila baada ya wiki mbili, mara tatu au nne. Dawa nyingi haziui mayai, kwa hiyo aliyenyunyiza mara moja tu amepoteza pesa.

Kwa mbwa mwenyewe, muulize daktari wa mifugo kuhusu vidonge vya kutafuna, vya mwezi mmoja au vya miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito wake. Vidonge hivi hufanya kazi kupitia damu: kupe lazima aume kwanza ndipo afe. Ukimwona kupe mmoja mmoja baada ya kidonge, usilaumu duka. Dawa ya kuogesha yenye amitraz nayo inafaa, ila ichanganywe kwa kipimo cha mbwa kilichoandikwa kwenye chupa, si kipimo cha ng'ombe ulichosikia kwa mtu. Kama una paka nyumbani, amitraz na permethrin (dawa nyingine ya kuua kupe) zote mbili ni sumu kwake. Hata kulala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa kunaweza kumuua.

Mkirudi matembezini, mpapase kati ya vidole vya miguu, ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, makwapani na chini ya mkia. Kupe mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, mtumbukize kwenye spiriti. Kumponda kwa kucha ni kujipaka damu yenye vijidudu. Mafuta ya taa na kiberiti ni mambo ya kizamani: kupe akisumbuliwa akiwa bado ameuma, anaweza kutapika ndani ya kidonda.

Na mchungulie fizi. Mbwa aliyeacha kula, mwenye joto, fizi zimepauka kama karatasi, au anayekojoa rangi ya kahawa, ni wa kupelekwa siku hiyohiyo. Huenda ni homa ya kupe, na daktari huithibitisha kwa tone la damu chini ya hadubini.

Swali. *Nina mbwa wa ulinzi wa miaka mitatu. Mchana yuko bandani, usiku tunamfungua. Daktari kasema anahitaji matembezi, lakini nikimtoa ananiburuta barabara nzima, watoto wanacheka. Nimfanyeje?* – Baba wa watoto wanne, Mbezi, Dar es Salaam

Jibu. Pole baba. Mbwa aliyekaa miaka mitatu ndani ya geti akitolewa barabarani anakutana na harufu zote kwa mkupuo mmoja. Anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha: kila anapokaza kamba nawe ukamfuata, umemlipa.

Kwa hiyo usianzie barabarani. Anzia uani, dakika tano asubuhi na tano jioni, kabla hajala. Tumia kamba ya kawaida ya mita moja na nusu hadi mbili, si mnyororo, na mkanda wa kifuani wenye pete ya mbele, ili akivuta ageuzwe kukuelekea wewe badala ya kukabwa koo. Mfukoni weka maini yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, yakatwe vipande vya ukubwa wa haragwe. Tembea. Kamba ikikaza, simama kama nguzo. Usimpigie kelele, usiivute kamba. Atageuka kukutazama, kamba italegea; papo hapo mpe ini pale ubavuni mwako, si mbele yako, kisha endelea. Siku ya kwanza mnaweza kumaliza dakika tano mmepiga hatua kumi tu. Ni sawa.

Akitembea uani kamba ikiwa imelegea siku tatu mfululizo, nenda hadi getini. Halafu nje ya geti, nyumba mbili. Wengi huharibikiwa hapa, na mara nyingi si kosa la mbwa: baba anasimama kama nguzo, halafu Jumamosi kijana wa nyumbani anamtoa na kukimbia naye. Wote wanaoshika kamba wafuate sheria moja, au asimtoe mtu mwingine.

Kabla ya yote hayo, kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai. Huanza mbwa akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Akimuuma au kumkwaruza mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, na mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba.

Saa nzuri ni 12 asubuhi. Mchana weka kiganja upande wa nyuma kwenye lami. Usipoweza kuvumilia sekunde saba, nyayo zake nazo haziwezi. Tena barabara ni ya wote: majirani wengi hawataki mate ya mbwa yawaguse wakiwa wametia udhu wakielekea msikitini. Fupisha kamba, hamia upande wa pili, salimia.

Swali. *Kila Januari nanunua raba mpya, natembea wiki moja, basi. Lengo langu ni hatua 10,000 kwa siku. Nia ninayo. Kinachonishinda ni nini?* – Dada, Mwanza

Jibu. Hiyo 10,000, dada. Namba hiyo haikutoka kwa daktari. Ilitoka Japani mwaka 1965, kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichokuwa kikiuzwa, maana yake "mita ya hatua elfu kumi". Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uheme kidogo, nazo unaweza kuzigawa upendavyo.

Anza na dakika kumi, na wiki mbili za kwanza usiongeze hata kama miguu inakusihi. Zifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: ukishawapandisha watoto basi la shule, usirudi ndani, pitiliza. Au shuka daladala kituo kimoja kabla. Saa ya simu huzimwa. Basi la shule halizimwi. Na panga mapema siku ya mvua utafanya nini, kwa sababu masika ndiyo humaliza wengi.

Watafiti wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea moja dogo kila mmoja. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla jambo kujifanya lenyewe. Walioharakisha siku 18, na kwa waliochelewa zaidi ilikadiriwa hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Wewe unaacha wiki ya kwanza, kisha unajiita mvivu.

Tena uwe na kitu cha kukitazama njiani. Tafuta mti wenye viota vya mnana. Dume hung'ata ukingo wa jani, huruka nao na kuchana ukili mrefu, kisha hufuma kwa mdomo, fundo juu ya fundo. Jike huja kukagua. Asipopenda, na kiota kikaanza kukauka rangi, dume hukibomoa na kuanza kufuma kingine palepale. Pita kila siku uone leo amefika wapi.

Swali. *Nimepita vichakani nikagusa upupu. Nimejimwagia maji, ndiyo kwanza umewaka. Kwa nini?* – Msomaji, Muheza

Jibu. Maji na kusugua vimeusambaza. Muwasho unatoka kwenye vinyweleo vya ganda, vilivyojichoma ngozini kama sindano. Vitoe kwanza: bandika utepe wa kunata (selotepu) au plasta, bandua, rudia na kipande kipya. Usipokuwa nayo, paka tope zito, liache likauke, libandue bila kusugua. Ndipo uoge. Nguo uzifue peke yake.

Swali. *Paka wangu ananiamsha saa kumi alfajiri akidai chakula. Nimejaribu kumpuuza, anazidi.* – Bibi, Mombasa

Jibu. Shikamoo bibi. Amezoea kwamba kelele huleta samaki. Saa tatu usiku mchezeshe kwa kamba dakika kumi hadi achoke, ndipo umpe mlo mkubwa wa siku. Asubuhi usimlishe unapoamka; pita nusu saa kwanza, uoshe uso, uchemshe chai. Atazidisha kelele usiku wa pili na wa tatu, na hapo ndipo wengi huinuka. Ukiinuka usiku wa tatu umemfundisha kwamba lazima alie siku tatu. Funga mlango, ziba masikio kwa pamba.