Taa za bwawani: volti 230 iishie stoo

Juzi Jumamosi tulikuwa na kipaimara cha binti yangu hapa nyumbani Goba, wageni kama sitini hivi, na giza lilipoanza kushuka nikaingia stoo nikabonyeza swichi moja tu. Bwawa lote likawaka kutokea chini. Watu wakaacha pilau. Shemeji yangu kachuchumaa ukingoni anachukua video ya sato wanavyopita juu ya taa, na kila mtu anauliza nani kafunga, nami najibu nimefunga mwenyewe, halafu naangalia nyuso zao. Sitadanganya, ilikuwa tamu.

Tangu video hiyo iingie kwenye statasi za watu simu yangu haipumui. Mmoja kaniandikia, "Dada, na mimi nina kibwawa nyuma ya nyumba, taa nimeshanunua, je nivute umeme kutoka soketi ya barazani?" Hapana jamani. Hapana. Ngoja nikuhadithie kwa nini.

Bwawa langu ni mita 3 kwa 2, kina kinanifika pajani. Mara ya kwanza nilimwita fundi, akataka elfu 80 ya ufundi, nikampa yote mkononi kabla hajamaliza (kosa la kwanza hilo, lakini sio la umeme). Akavuta waya wa volti 230 kutoka soketi ya barazani, akaufukia vidole vinne tu chini ya udongo bila bomba, akaufikisha ukingoni, na pale pale ukingoni akaweka transfoma ya kushusha kwenda volti 12 ndani ya kopo la aiskrimu. Akafunika, akazungusha tepu nyeusi, kwisha habari. Taa zikawaka na mimi nikafurahi kama mtoto.

Masika ikaingia. Asubuhi moja nimeinama kutoa majani ya mwembe, mkono ukagusa maji nikasikia kama siafu wananipanda mpaka kiwikoni. Nikautoa. Halafu mjinga mimi nikaurudisha nihakikishe! Nikakimbia kuzima meni swichi, kurudi kufungua lile kopo nakuta maji nusu na transfoma imelala humo kama kitumbua kwenye mafuta. Sato wawili walikuwa wanaelea.

Sasa utauliza mbona umeme haukukatika wenyewe. Kwenye bodi kuna kile kidude chenye kibatani cha kujaribia, RCD, kazi yake ni kukata umeme ukianza kuvuja, za nyumbani nyingi ni milliampia 30. Changu kilikuwepo ila fundi mwingine miaka ya nyuma alikiruka, eti kinasumbua, kinakatakata ovyo. Kumbe kilikuwa kinatuambia kitu tukakiziba mdomo. Nenda kwenye bodi yako sasa hivi ubonyeze kile kibatani, umeme usipokatika usiongee na mimi habari za taa, ongea na fundi mwenye leseni.

Yule fundi nilipompigia akanijibu, "Mama, umeme na wanawake wapi na wapi," akakata simu. Mpaka leo hilo neno linanikera kuliko ile elfu 80.

Miezi ya kuhangaika na kusoma siwahadithii, ila kanuni niliyotoka nayo ni hii: 230 iishie stoo, pakavu, juu ukutani. Kinachotoka kwenda bwawani kiwe 12 tu. Na adapta zile nyepesi kama kiberiti mimi siziamini kwenye maji, chukua transfoma ya maana ya taa za bustani, na isibanwe kwenye mzigo wake wote. Taa zangu ni 6 za wati 5, jumla wati 30, nimeweka ya wati 60 na haipati joto.

Ila hapo nikafanya kosa la pili. Nilitumia waya wa spika kwa sababu ulikuwepo ndani. Kutoka stoo hadi bwawani ni mita 25, taa zikawaka hafifu kama kibatari, nikapima kwa mita, taa ya mwisho inapata volti 9 na kidogo. Umeme mdogo wa volti unataka waya mnene, watu wengi wanadhani ni kinyume. Wati 30 gawa kwa 12 unapata ampia 2.5, wakati kwenye 230 mzigo huo huo haufiki hata ampia 0.2. Ule waya wa nusu milimita mraba kwenda na kurudi ni mita 50, unakula volti zako njiani. Niliponunua wa milimita mraba 2.5 Kariakoo na kuupitisha kwenye bomba, nikawa napoteza chini ya volti 1. Nimelia kwenye bei ya waya lakini nimenyamaza.

Kingine ni viungio. Tepu nyeusi haizuii maji, narudia, haizuii maji, hata uzungushe roli zima. Maji yakipata upenyo kwenye kiungio yanatambaa ndani ya waya kama mafuta ya taa kwenye utambi, mpaka yanafika ndani ya taa yenyewe. Nunua taa zenye waya wake mrefu ili kiungio kikae nje, kwenye boksi lililoinuliwa juu ya ardhi. Na taa iandikwe IP68, ndiyo namba ya kiwango cha kuzuia maji, ile ya 65 ni ya kuvumilia kurushiwa maji, sio kuzama. Halafu zibaki zimezama, kiangazi kilichopita bwawa lilipungua taa moja ikabaki nje ikaungua, maana zile zinapozwa na maji.

Wa sola nao nawasikia. Inawezekana. Wati 30 kwa saa 4 ni kama ampia-saa 10 za betri ya volti 12, na betri ya asidi usiikamue zaidi ya nusu, kwa hiyo anzia ya 20 kwenda juu. Uzuri wake 230 haipo kabisa na mgao haukuhusu. Vile vitaa vya sola vya kuchomeka ukingoni ni vya kuchezea watoto, samahani kama umenunua.

Na jamani zimeni. Mimi saa nne usiku nazima, samaki nao wanataka giza. Mtu unawasha mpaka asubuhi ili majirani waone, halafu unashangaa samaki hawatulii. Bwawa ni la samaki kwanza, sifa baadaye, na hili naliongea mimi niliyewasha mpaka saa saba siku ya kipaimara.

Kaka uliyeniandikia, usichomeke kitu. Chukua futi kamba, pima kutoka stoo mpaka bwawani ukifuata njia utakayopitisha bomba, sio kwa kukata kona hewani, unitumie hizo mita na wati za taa zako.