Kilwa Kisiwani kwa siku moja: uliza maji kwanza

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kutoka Dar es Salaam. Wako watano, wana siku moja tu ya kutembea, na wanataka kuona Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, visiwa viwili vyenye magofu ya miji ya kale, kwa mkupuo. Namjibu hapa ili wengine nao wafaidike: chagueni kisiwa kimoja. Kila msimu kuna watu wanaorudi wakisema Kilwa ni mawe tu, na hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi mawe hayana kosa. Ratiba ndiyo iliyowanyima kuona.

Siku moja ninayoisema ni ile inayoanzia Kilwa Masoko, mji wa bara unaokabili kisiwa, alfajiri. Safari ya basi kutoka Dar kupitia Nangurukuru ihesabuni kama siku nyingine, mlale Masoko. Jioni hiyo hiyo malizeni kibali na mwongoza watalii; magofu yako chini ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), malipo ni ya serikali, na stakabadhi mnakaa nayo mpaka mrudi. Mtanzania aje na kitambulisho chake, la sivyo atashindwa kuthibitisha kwamba anastahili kiingilio cha wazawa.

Sasa maji. Kabla ya kuuliza bei ya boti, tazama mwezi uko wapi. Siku za bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka karibu saa nne asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Baada ya hapo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, asubuhi ile ile ya saa nne unakuta yamejaa. Hesabu hii ni ya kukadiria. Nahodha wa Masoko atakupa saa kamili.

Kwa Kisiwani hilo si tatizo kubwa, maana mlango wa bahari ni wa kilomita 2 hivi na boti ya injini huvuka kwa dakika chache. Kwa Songo Mnara ndilo jambo lenyewe. Ni mwendo wa karibu saa mbili kwenda na mwingine kama huo kurudi, na njia ya kushukia hupita kwenye mikoko. Ukifika maji yamekupwa, unashuka mbali na kutembea kwenye tope. Ukikawia wakati yanatoka, boti inakaa mchangani na nyote mnasubiri yajae tena. Kipindi cha kusi upepo huzidi mchana, na hapo kurudi kwa chombo kidogo ni kulowa na kuhangaika. Ndiyo maana kuvipanga visiwa vyote viwili kwa siku moja huishia kwa kukimbizana: kila gofu dakika kumi, picha, twende.

Mkichagua Kisiwani, shukeni saa moja na nusu asubuhi na msianze na ngome iitwayo Gereza, ingawa ndilo lililo mbele yenu ufukweni. Nendeni moja kwa moja Husuni Kubwa kungali na ubaridi. Iko kilomita moja na nusu hivi upande wa mashariki, kwenye mwinuko juu ya bahari, na wanaoiacha mwisho hawaifikii. Jua la saa sita huwarudisha. Ndiyo kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta wa Morocco mwaka 1331. Ina vyumba zaidi ya mia moja, birika la pembe nane, na ua mkubwa uliozungukwa na maghala. Simameni kwenye ngazi zinazoteremka baharini mtazame mlango wa bahari: dhahabu ya Sofala, bandari ya kale iliyoko Msumbiji ya leo, ilipita hapa.

Rudini Msikiti Mkuu, mkakae chini ya kuba zake jua likiwa kali. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe. Upande wa kusini wenye kuba na matao uliongezwa karne ya 14. Sogeeni kwenye jiwe lililochongwa mkatazame vijishimo vyake. Ni tumbawe. Likitoka baharini likiwa bichi ni laini, fundi hulichonga mihrabu na fremu za milango, kisha likikauka linakuwa gumu. Mwongozaji akiwatajia miaka tu, mwombeni awaonyeshe hilo, na tofauti ya tumbawe la kuchonga na mawe ya kawaida ya kujengea ukuta yaliyoshikwa kwa chokaa. Baada ya hapo kasri ya Makutani, na mwisho Gereza: Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, lakini kuta nyingi mnazoziona ni za enzi ya Waomani.

Maji ya kunywa ni lita 2 kwa kila mtu. Chakula agizeni kijijini kupitia kwa mwongozaji siku moja kabla. Mkifika bila kuagiza mtakula biskuti. Vaeni viatu vya kufunga, kandambili hukatika kwenye mawe. Kanga au kitenge kiwepo, ni kijiji cha Waislamu na watu wanaishi humo. Maboya ya kujiokolea yahesabiwe kabla ya kung'oa nanga, na nauli ya nahodha ilipwe nusu kwanza, nusu mkirudi Masoko, ili asiwaache akafuate abiria wengine.

Na vigae, yaani vipande vya vyombo vya kale. Vimetapakaa ufukweni, vingine vya kijani kutoka Uchina, na mkono hushawishika. Tafadhali viacheni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, na kigae kikishahama mahali pake mtafiti hawezi tena kukisoma. Msipande kuta kwa ajili ya picha pia. Chokaa ya karne saba haiwezi kubeba mtu. Tumekaa miaka kumi, 2004 hadi 2014, Kilwa ikiwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, na mawimbi na mizizi bado vinaendelea na kazi yao. Mkiona mtoto wenu amejaza mfuko, mwambieni arudishe pale pale alipookota, kabla hamjapanda boti.