Roy Hobbs: kwenye muvi anashinda, kwenye kitabu je?

SWALI: Shikamoo kaka, pole na kazi. Nimeangalia The Natural, ile muvi ya besiboli ambayo Robert Redford anaigiza kama mchezaji Roy Hobbs, mara tatu sasa, na pale mwisho anapopiga mpira unaenda kupasua mataa, cheche zinamwagika uwanja mzima, huwa nalia kabisa. Juzi mjomba kanambia kwenye kitabu hapigi kitu, anatolewa. Ni kweli au ananitania? Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mjomba hajakutania. Bernard Malamud alitoa kitabu 1952, muvi ya Barry Levinson ikaja 1984, na kwenye kitabu Roy anaukosa mpira wa mwisho, straiki ya tatu (mpigaji akifikisha straiki tatu anatolewa), basi. Tena kinachouma zaidi, alikuwa ameshakubali hela auze mechi, halafu katikati ya mchezo roho inamsuta anataka kushinda kweli kweli, na ndo hapo gongo lake la kupigia mpira, analoliita Wonderboy, linapasuka. Kwenye muvi hela anazikataa, kwa hiyo lazima ashinde, ni hadithi ya mtu mwingine kabisa japo jina ni lile lile.

Ukirudia kuiangalia, tulia pale mwanzo treni inaposimama, Roy bado kijana wa shamba anamrushia Whammer, mpigaji mkubwa wa wakati huo, mipira mitatu na yote jamaa anaikosa. Malamud aliipanda mbegu pale makusudi. Mwisho wa kitabu anayemtoa Roy ni kijana mwingine wa shamba asiyejulikana, na sasa Roy ndo amekuwa Whammer, ameshazeeka. Muvi nayo inaleta kijana wa shamba arushe, ila inampa Roy ushindi, na mimi naona hapo duara limekatwa, japo muziki wa Randy Newman unakufanya usilione.

Na ile ya Roy kupigwa risasi hotelini isikushangaze, 1949 mchezaji wa kweli wa besiboli, Eddie Waitkus, alipigwa risasi na binti aliyekuwa anamhusudu, hotelini Chicago, akapona akarudi uwanjani.

Kisome kitabu mdogo wangu, muvi endelea kuipenda. Ukurasa wa mwisho Roy yuko mtaani usiku, kuna mtoto ana gazeti lenye habari za kuuza mechi, anamwomba amwambie kwamba siyo kweli, na Roy anashindwa kusema siyo kweli. Mimi nililia hapo.