Diski za ASM zimepotea baada ya umeme kukatika: je, nisakinishe upya?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nilisakinisha Oracle 19c pamoja na ASM (sehemu ya Oracle inayosimamia diski) kwenye seva ya majaribio, mashine pepe ya VMware yenye Oracle Linux 8 na diski 4 za GB 500 kila moja. Mwanzoni kisakinishi hakikuona hata diski moja. Nikaandika `chown grid:asmadmin /dev/sd[b-e]1`, zikaonekana, nikamaliza kazi na kanzidata ikafunguka vizuri. Jana umeme ulikatika. Seva iliporudi, kikundi cha diski kiitwacho DATA hakipandi, napata hitilafu ya ORA-15017. Je, nianze upya? Seva ya kazi yenyewe inakuja mwezi ujao, na sijui nichague NORMAL (ASM yenyewe itunze nakala mbili) au EXTERNAL (ulinzi uachiwe hifadhi).

JIBU: Marahaba. Usianze upya, na tafadhali usiiguse amri ya `dd`, inayoweza kufuta diski. Data yako ipo palepale ilipokuwa. Kilichopotea ni ruhusa.

Saraka ya `/dev` haikai kwenye diski. Inakaa kwenye kumbukumbu, na kernel (kiini cha Linux) huijenga upya kila seva inapowaka. Ile `chown` yako uliiandika juu ya maji: seva ilipozimika ikaenda nayo, na diski zikarudi kuwa mali ya root na kundi la disk. ASM inaendeshwa na mtumiaji grid, ambaye hana ruhusa ya kuzifungua, kwa hiyo kwake ni kama hazipo.

Kuna jambo la pili ambalo halijakukuta bado. Majina kama sdb na sdc hugawiwa kwa jinsi kernel inavyozikuta diski, na ukiongeza diski nyingine yanaweza kupishana. ASM yenyewe haisumbuliwi na hilo, kwa sababu kila diski imebeba utambulisho wake kwenye kichwa chake: ni ya kikundi gani, ni ya ngapi. Wanaosumbuliwa ni sisi binadamu, tunaokumbuka kwamba "sdd ndiyo ya akiba" wakati leo sdd ni nyingine.

Dawa ya yote mawili ni kanuni za udev, huduma ya Linux inayozipa diski majina na ruhusa kila seva inapowaka. Anza kwa kuuliza kila diski namba yake ya kudumu:

`/usr/lib/udev/scsi_id -g -u -d /dev/sdb`

Kwenye VMware usishangae ikikaa kimya bila kujibu kitu. Zima mashine, weka `disk.EnableUUID = TRUE` kwenye mipangilio yake, washa, uliza tena. Hapa watu wengi hupoteza siku nzima wakihangaika na Linux, kumbe tatizo liko nje ya Linux.

Ukishapata namba, fungua faili `/etc/udev/rules.d/99-oracle-asmdevices.rules` na uandike mstari mmoja kwa kila diski, bila kuukata katikati:

`KERNEL=="sd?1", SUBSYSTEM=="block", PROGRAM=="/usr/lib/udev/scsi_id -g -u -d /dev/$parent", RESULT=="namba_ya_diski", SYMLINK+="oracleasm/data01", OWNER="grid", GROUP="asmadmin", MODE="0660"`

Kisha:

`udevadm control --reload-rules`
`udevadm trigger --type=devices --action=change`
`ls -lL /dev/oracleasm/`

Unatakiwa uone grid, asmadmin na `brw-rw----` kwenye kila mstari. Hiyo L kubwa ni muhimu. Bila hiyo utaonyeshwa ruhusa za kiungo, si za diski yenyewe, na kiungo siku zote kitakwambia ni cha root.

Kanuni hii hubadilisha mmiliki wa diski yenyewe, kwa hiyo hata kama ASM yako bado inatafuta kwenye `/dev/sd*`, sasa itazikuta. Kama root, andika `crsctl stop has -f`, halafu `crsctl start has`. Ingia kama grid, andika `asmcmd lsdg`, na DATA itakuwa imepanda. Hapo ndipo uielekeze ASM kwenye majina mapya. Ndani ya sqlplus, ukiwa sysasm:

`alter system set asm_diskstring='/dev/oracleasm/*' scope=spfile;`

Nje yake, `srvctl modify asm -diskstring '/dev/oracleasm/*'`, kisha simamisha na uwashe tena. Nimeandika spfile makusudi. Ukijaribu kubadilisha papo hapo wakati diski zimepanda kwa majina ya zamani, ASM itakataa.

Sasa seva ya kazi. Huko mpangilio ugeuze: diski kwanza, kisakinishi mwisho. Andika kanuni za udev, washa seva upya mara mbili, hakikisha majina na ruhusa vimerudi vyenyewe, ndipo ufungue zipu ya Grid Infrastructure, programu iliyobeba ASM. Mimi sifungui hiyo zipu kabla ya hapo hata mteja akinisimamia kichwani. Kifurushi cha `oracle-database-preinstall-19c` kitakuwekea mtumiaji oracle na vigezo vya kernel, lakini mtumiaji grid na makundi ya asmadmin, asmdba na asmoper utayatengeneza mwenyewe. Mwingize oracle kwenye asmdba. Ukisahau, `dbca` (zana ya kutengeneza kanzidata) itakuonyesha orodha tupu ya vikundi vya diski nawe utadhani ASM imekufa.

Kwa kuwa unatumia Oracle Linux 8, toleo la msingi la 19.3 haliutambui mfumo huo. Andika `export CV_ASSUME_DISTID=OEL7.8` kwanza, kisha endesha `gridSetup.sh` ukiwa umeiongezea `-applyRU` na viraka vya 19.7 au vya juu zaidi. Fanya vivyo hivyo kwa `runInstaller` ya kanzidata. Zipu zote mbili hufunguliwa moja kwa moja ndani ya saraka zitakamokaa, si kwenye /tmp.

Nimependa kwamba diski umezigawa na kuweka hiyo sdb1. Endelea hivyo. ASM inakubali diski nzima isiyogawanywa, ila kwa `lsblk` diski hiyo inaonekana tupu. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mwenzetu aliiona diski ya namna hiyo, akasema afadhali apate nafasi ya bure, akaipiga `pvcreate`, amri inayoandika juu ya diski ili itumike kwa kazi nyingine. Tulikesha na RMAN, zana ya Oracle ya kurejesha data kutoka nakala rudufu.

Kuhusu NORMAL na EXTERNAL, jiulize diski hizo nne zinatoka wapi. Kama zote zimekatwa kwenye hifadhi moja ya pamoja yenye RAID, chagua EXTERNAL. NORMAL itaandika kila kitu mara mbili ndani ya sanduku lilelile, na sanduku likiungua nakala zote mbili zimekwenda. Tena ina gharama. Ukiziweka zote nne kwenye kikundi kimoja una GB 2000, ASM inataka GB 500 zibaki kwa ajili ya diski moja ikifa, zinabaki 1500, ugawe kwa mbili: GB 750 za kutumia. Angalia safu ya Usable_file_MB kwenye `lsdg`, hiyo ndiyo isemayo kweli. Free_MB itakudanganya. Lakini kama seva mpya ni ya chuma chake yenyewe, diski zimo ndani na hakuna kadi ya RAID, hapo NORMAL haina mjadala.

Ukienda na EXTERNAL, mimi ningeweka diski tatu kwenye DATA na moja kwenye FRA, kikundi cha faili za kurejeshea kanzidata. Ndani ya kikundi kimoja diski ziwe za ukubwa sawa, maana ASM hutawanya data kulingana na ukubwa wa kila moja, na diski kubwa ndiyo itakayobeba kazi nyingi.

DATA ikigoma hata baada ya udev, nitumie matokeo ya `ls -lL /dev/oracleasm/` na ya `select path, header_status from v$asm_disk;`. Zikisomeka MEMBER zote nne, tatizo ni dogo.