Muda kama zamu: ushauri kutoka kihambani

Wengi wetu tunaofanya kazi za ofisini hapa Moshi tumezoea kuuzungumzia muda kama tunavyozungumzia fedha: tunao au hatuna, tumeuokoa au tumeupoteza, kikao kimetumalizia. Mimi ni mhasibu, na kwangu mwezi una siku moja yenye uzito kuliko nyingine zote, nayo ni ya mwisho. Napenda hata hivyo kupendekeza namna nyingine ya kuuhesabu muda, ambayo nimejifunza polepole katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo wetu, kule Kibosho kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na ambayo imenipunguzia haraka bila kunipunguzia kazi. Muda ni zamu. Mtu huipokea, huitumia na huikabidhi, na wale anaopokezana nao si binadamu peke yao.

Mfano ulio wazi zaidi ni mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji. Wageni wa Ulaya waliofika Kilimanjaro katika karne ya 19 waliikuta mifereji hii ikiwa tayari inachepusha maji kutoka mtoni juu na kuyatembeza kwenye miteremko mpaka mashambani, bila mashine yoyote. Kila kaya ina zamu yake ya maji, na haki hiyo huendana na wajibu wa kufika siku ya kusafisha mfereji, asiyefika huulizwa. Zamu ya shangazi yangu mara nyingi huangukia usiku. Niliwahi kumshauri abadilishane na jirani ili apate usingizi, akanijibu, "Mwanangu, maji hayajui kwamba kesho una kazi." Hakulalamika. Alikuwa anaeleza tu kwamba saa ile haikuwa yake wala ya jirani yake, bali ilikuwa ya maji, na yeye alikuwa ameitwa.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kujifunza kalenda ya mahali unapoishi. Katika nchi za kaskazini mtu anaweza kuyajua majira kwa kutazama urefu wa mchana, lakini Moshi iko karibu mno na ikweta kwa njia hiyo kufaa, kwa kuwa tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki hata nusu saa. Jua letu ni mwaminifu kwa saa, ndiyo maana tunaweza kuanza kuhesabu saa moja tangu kuchomoza kwake, lakini kuhusu mwezi halituambii mengi. Majira hapa husemwa na mvua, baridi, ukungu na mimea. Ukungu wa Juni na Julai huuficha mlima kwa siku nyingi mfululizo. Vuli huja kuelekea mwisho wa mwaka. Masika huanza Machi na kuacha barabara za juu zikiwa tope. Mbuni ukishapata mvua nzuri baada ya ukame, maua yake meupe hufunguka kwa pamoja siku kadhaa baadaye, hunukia shamba zima, kisha hunyauka upesi, na kutoka hapo itapita miezi minane au tisa kabla ya buni kuiva. Mimi huandika mambo haya katika daftari lilelile ninaloandikia tarehe za marejesho ya kodi. Baada ya misimu michache utaanza kuona kwamba mwaka una matukio mengi ambayo hayakukusubiri na wala hayakukukimbiza.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulieleza, nalo ni undugu wetu na viumbe vingine. Sizungumzii hisia nzuri za kukaa chini ya mti siku ya Jumapili, ingawa sina ugomvi nazo. Nazungumzia undugu kama tunavyoujua sisi, ule wenye wajibu, wenye kuudhi, wenye kudai kuhudhuria. Mkulima wa migomba anaujua vizuri. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa, na shina huendelea kupitia machipukizi yake. Ndiyo maana mabwana shamba hushauri kila shina liachiwe mgomba mama, mtoto na mjukuu, na machipukizi mengine yang'olewe. Unapopalilia kihamba unapita kati ya vizazi vitatu vinavyosubiriana. Mama anamkinga mtoto na upepo, na akishakatwa, kigogo na majani yake huoza palepale na kumlisha. Shangazi hakati mkungu bila kwanza kutazama mtoto amefikia wapi. Katika kihamba hichohicho yamo makaburi ya babu na bibi, hatua chache kutoka kwenye migomba, na sale, mmea uliopandwa mpakani, ndiyo ileile ambayo Mchagga aliyemkosea mwenzake humpelekea kuomba msamaha. Huwezi kuchora mstari katika eneo hilo ukasema huku ni ukoo na huku ni mazingira.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, aliandika jinsi Wachagga walivyoukata mti wa kuchongea mizinga: mwenye mti aliuaga kama anayemwoza ndugu yake wa kike, na wakataji walikuja kama watu wa upande wa bwana harusi. Wapo watakaosoma habari hiyo na kucheka. Mimi naona ilikuwa njia madhubuti sana ya kumlazimisha mtu asimame kabla ya kushika shoka, ajiulize mti huu una umri gani, nani aliupanda, na nini kitasimama mahali pake. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba mti mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika, wenye urefu wa mita 81.5, umo katika bonde mojawapo la Kilimanjaro, na umri wake ulikadiriwa kuvuka miaka 500. Mti wa namna hiyo msumeno wa mashine unaweza kuuangusha kabla ya chakula cha mchana.

Najua baadhi ya wasomaji watauliza kama huku si kurudi kwenye matambiko. Mimi ni Mlutheri, na sioni mgongano. Ibada ya mavuno katika sharika zetu huleta ndizi, mahindi na kuku mpaka madhabahuni, kisha mnada huanza nje, na hakuna anayedhani kwamba mkungu umekuwa mungu. Askofu Fredrick Shoo, aliyepata kuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), alijulikana sana kwa kuhimiza upandaji wa miti kama sehemu ya maisha ya Mkristo. Majirani zetu Waislamu husali adhuhuri jua linapopinduka na magharibi linapotua, na Ramadhani yao hutembea mwaka mzima kwa kufuata mwezi. Dini zetu zote mbili zilikuwa zikitufundisha kupokea muda kutoka juu muda mrefu kabla ya simu kuanza kutuamsha.

Kwa asiye na kihamba, aliyepanga chumba mjini, Majengo au Pasua, nasema undugu huu haukuwahi kuwa wa damu. Mgomba asili yake ni Asia. Kahawa ya biashara ililetwa na wamisionari kuelekea mwisho wa karne ya 19. Mijakaranda inayopamba mitaa ya mji ni ya Amerika Kusini, kwa hiyo tuseme ni wakwe. Wote walipokelewa wakawa wa hapa. Chagua mti mmoja ulio njiani kwako na uufuatilie, au nenda Msitu wa Rau, ambao uko pembeni kabisa mwa mji na una msoo, mti unaopatikana sehemu chache mno duniani. Nenda zaidi ya mara moja, na usiende ukiwa na nusu saa tu. Ukipata nafasi ya kupanda mti, upande mahali ambapo utawajibika kuumwagilia wakati wa kiangazi, kwa sababu picha ya siku ya kupanda ndiyo sehemu rahisi.

Ningeomba pia tubadilishe tunachokililia. Watu wengi wakitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, husikitikia barafu, na wana haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha. Lakini maji ya mifongo na ya mabomba yetu hutoka zaidi kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu ulio chini ya barafu hiyo, na msitu ni jambo tunaloweza kulitunza kwa mikono yetu wenyewe. Huzuni inayomfanya mtu atazame kileleni tu huku akinunua mkaa bila kuuliza umetoka wapi haimsaidii ndugu yeyote.

Hesabu za mwisho wa mwezi bado nazifunga kwa wakati. Kilichobadilika ni jinsi ninavyofanya maamuzi ambayo matokeo yake yatanipita. Ukoo wetu kwa sasa haujakubaliana kuhusu mringaringa mmoja mkubwa ulio karibu na mfongo: wengine wanataka ukatwe mbao zake ziezeke nyumba ya familia, wengine wanasema unawapa mibuni kivuli na nyuki maua. Mimi nimeomba tusiamue mpaka Desemba, vijana walioko Dar es Salaam watakapopanda nyumbani kwa ajili ya Krismasi, kwa kuwa nyumba na kivuli vyote viwili watavitumia wao kwa muda mrefu kuliko sisi. Shangazi amekubali, kwa sharti kwamba watakaopiga kura ya kuukata wawe wamefika kwanza kusafisha mfereji.